Jinsi ya kufuatilia tuzo za wachambuzi wa filamu kwa steringi wa kiume

Kila ikifika Desemba naulizwa kitu kilekile, mara kwenye magrupu ya WhatsApp mara na mdogo wangu hapa nyumbani: fulani kapewa muigizaji bora na wachambuzi wa New York, kwa hiyo Oscar ni yake, si ndio? Halafu Januari majina yanatoka, fulani hayupo hata kwenye wale watano, watu wanaanza kulalamika kaonewa, tuzo zimeuzwa. Hapana jamani, shida ni kwamba tunazisoma vibaya. Mi nimezifuatilia hizi tuzo miaka mingi sasa na zimenipa muvi kali kuliko njia nyingine yoyote, kuliko trela, kuliko kusubiri mtu akwambie "cheki hii", kwa hiyo naelekeza hapa nnavyofanya mwenyewe. Ukianza msimu huu, ikifika Machi utakuwa na listi ya kuangalia mwaka mzima.

Kwanza kabisa chukua daftari au fungua ukurasa kwenye simu, alafu kabla hujaandika jina la muigizaji yeyote andika kwanza nani anapiga kura. Hapa ndo wengi wanapokosea maana wanasikia "tuzo" wanaziweka zote kapu moja. Mchambuzi ni mtu anayeandika au kuzungumzia filamu kama kazi yake, anaangalia mamia ya muvi kwa mwaka na hajaigiza humo wala hana hela yake humo ndani. Oscar wanapiga watu wanaotengeneza filamu wenyewe, waigizaji ndo wanateua waigizaji, halafu kwenye kura ya mwisho wanachama wote wanapiga, zaidi ya watu 9,000. SAG ni chama cha waigizaji wa Marekani, siku hizi kinaitwa SAG-AFTRA na tuzo zake tangu 2026 zinaitwa Actor Awards. Cannes, lile tamasha la filamu la Ufaransa, ni jopo la watu wachache, wengi wao watengeneza filamu, wanaokaa pamoja siku chache. Wote hao sio wachambuzi, sasa ukiwachanganya utashangaa kila mwaka.

Wachambuzi wa kuwafuatilia kwa Marekani mi naweka makundi manne tu, mengine yapo mengi sana, kila mji una chama chake, Boston, Chicago, Toronto kule Canada, lakini ukianza na yote utachoka wiki ya kwanza.

New York Film Critics Circle ndo wakongwe, wapo tangu 1935. Steringi wao wa kwanza alikuwa Charles Laughton, na walimpa kwa filamu mbili kwa mpigo, Mutiny on the Bounty na Ruggles of Red Gap. Hilo jambo bado wanalifanya hadi leo, 2022 walimpa Colin Farrell kwa The Banshees of Inisherin na After Yang pamoja, wakati Oscar ya siku hizi lazima uteuliwe kwa filamu moja moja. Kwa hiyo ukiona jina moja na filamu mbili usidhani wamekosea kuandika, wanakwambia mtu huyu mwaka huu alikuwa moto pande zote, na we unatakiwa uangalie zote mbili. After Yang wengi hawajaiona na ndo hasara yenyewe, Farrell mle anaongea kwa sauti ya chini mwanzo mwisho, baba ambaye roboti ya nyumbani imezimika na hajui amwambie nini mtoto.

Wa pili ni Los Angeles Film Critics Association, walianza 1975 na mwaka huohuo wakampa Al Pacino kwa Dog Day Afternoon. Wa tatu ni National Society of Film Critics, hawa wapo tangu 1966, ni wachambuzi kutoka miji mbalimbali, na kwangu mi hawa ndo wenye jicho kali kuliko wote, nitaeleza kwa nini. Wa nne ni Critics Choice, walioanza 1995 kama wachambuzi wa redio na TV, hawa ni wengi, zaidi ya 500, na tuzo zao zinarushwa kwenye TV na mazulia mekundu na kila kitu.

Sasa tuje kwenye jedwali. Chora safu nne: mwaka wa filamu, New York, Critics Choice, Oscar. Nasisitiza mwaka wa filamu, maana hapa pana mtego. New York wanatangaza Desemba, mwezi wa kwanza National Society, Oscar inakuja Machi, kwa hiyo tuzo ya New York ya 2024 na Oscar iliyotolewa 2025 zinahusu muvi zilezile. Ukiandika kwa tarehe ya sherehe jedwali zima litapishana na utabishana na watu bure. Kingine wanahesabu mwaka filamu ilipotoka Marekani, hivyo muvi ya Japani au Hispania inaweza kuingia kwa kuchelewa kidogo.

Mi nilijaza kuanzia muvi za 2013 mpaka 2024, miaka 12, na kilichotoka kilibadilisha kabisa nnavyoziangalia hizi tuzo. Steringi wa New York aliyekuja kuchukua na Oscar kwa filamu hiyohiyo ni wawili tu, Casey Affleck 2016 na Adrien Brody 2024. Wanne waliteuliwa wakakosa: Timothée Chalamet, Antonio Banderas, Benedict Cumberbatch, na Farrell. Waliobaki sita, yaani nusu nzima, hawakuteuliwa kabisa kwa kazi ile. Robert Redford 2013, Timothy Spall 2014, Michael Keaton 2015, hapo ni mitatu mfululizo, kisha Ethan Hawke 2018, Delroy Lindo 2020, Franz Rogowski 2023. Sasa njoo Critics Choice kwa miaka hiyohiyo, wamepatia 8 kati ya 12, na hata wale wanne waliokosa walikuwa wameteuliwa Oscar. SAG ambao sio wachambuzi wamepatia 9.

Unaona? Kama lengo lako ni kutabiri Oscar basi angalia Critics Choice na SAG, usihangaike na New York. Kundi la watu mia tano lina tabia kama ya kundi la watu elfu tisa, linaangukia kwa yule ambaye kila mtu kamuona na kampeni yake imepita kila mahali. Kundi la watu makumi machache waliokaa wakabishana linaweza kumchagua mtu ambaye studio haijamtangaza hata kwa bango moja. Ni kazi mbili tofauti. Mi safu ninayoipenda kwenye daftari langu ni ile ya watu sita ambao hawakuteuliwa, na wale sita ndo nnawaambia watu waanze nao.

Ethan Hawke nimsemee kidogo kwa sababu kisa chake kinafundisha sana. First Reformed, anaigiza mchungaji wa kanisa dogo lenye waumini wachache, mgonjwa, amefiwa na mtoto, na anaandika shajara kila usiku. New York walimpa, Los Angeles walimpa, National Society wakampa, makundi yote matatu makubwa mwaka mmoja! Oscar haikumteua. Mwaka ule alichukua Rami Malek kwa kumuigiza mwimbaji Freddie Mercury kwenye Bohemian Rhapsody. Simpondi Malek, kazi aliifanya, lakini ukiziangalia hizo mbili wiki moja utaelewa tofauti ya macho ya wapiga kura, mmoja unamuona akiigiza, meno, mwendo, steji, mwingine unamuona mtu tu amekaa kimya na unaogopa atakachofanya.

Delroy Lindo vilevile, Da 5 Bloods, mwanajeshi mzee mweusi aliyerudi Vietnam na hasira zake zote, kuna sehemu anatembea peke yake porini anaongea anaikazia macho kamera, mi nilirudisha mara tatu. New York na National Society wote wakampa. Oscar hata jina.

Sasa turudi kwa National Society niliosema wana jicho kali. Chukua 1972, The Godfather. Oscar ya steringi alipewa Marlon Brando, na Al Pacino akateuliwa kama muigizaji msaidizi. Ukikaa ukaiangalia ile muvi kama tulivyokuwa tunaangalia kwenye mabanda ya video, ukauliza swali la kawaida kabisa, steringi hapa ni nani? Mtoto yeyote wa banda angekujibu ni Michael, yaani Pacino. Yeye ndo anaanza amevaa sare za jeshi hataki mambo ya familia na anamaliza mlango unafungwa yuko ndani ni bosi, na yupo kwenye skrini muda mrefu kuliko baba yake. National Society wakampa Pacino tuzo ya muigizaji bora, sio msaidizi. Waliangalia muvi, hawakuangalia studio imempanga wapi. New York mwaka huohuo wakampa Laurence Olivier kwa Sleuth, kwa hiyo hata wachambuzi wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani na hilo lisikusumbue, linakupa filamu mbili badala ya moja.

Kwa hiyo swali la steringi liandike pembeni ya kila jina. Studio huwa zinampanga mtu kwenye kipengele kile wanachoona ana nafasi, na wachambuzi sio lazima wafuate. Keaton kwenye Spotlight studio iliwapanga wote kama wasaidizi, New York wakasema hapana huyu ni kiongozi. Mi binafsi kwenye hiyo siko nao, naona ile ni muvi ya timu, hamna steringi mmoja, lakini napenda kwamba walijiuliza.

Hapo hapo niguse Los Angeles maana watu watapotea. Tangu 2022 wameacha kutenganisha wanaume na wanawake, wanatoa washindi wawili wa uigizaji wa kuongoza bila kujali jinsia. Mwaka wa kwanza walipata Bill Nighy na Cate Blanchett, mwanaume mmoja mwanamke mmoja. 2023 wakawa Sandra Hüller na Emma Stone, 2024 Marianne Jean-Baptiste na Mikey Madison, wanawake tu mara zote mbili. Kwa hiyo ukiongeza safu ya steringi wa kiume wa Los Angeles kuna miaka itabaki wazi, usiende kujaza jina la kubahatisha. Mi nauona uamuzi wao ni wa haki, kuigiza sio kukimbia mita mia, ila kwa sisi tunaofuatilia kipengele hiki cha wanaume inabidi tusome pia waliotajwa nafasi ya pili.

Na hilo ni jambo lenyewe: soma nafasi ya pili na ya tatu. National Society wanatangaza hadi pointi. Kura yao kila mchambuzi anaandika majina matatu, wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. Njia rahisi ya kuielewa ni kuifanya nyumbani, na ndo kitu nnachopenda kuliko vyote kwenye msimu. Tafuta watu saba walioangalia muvi zilezile. Tuseme Juma ndo muigizaji anayependwa sana na watatu, wakamuweka namba moja, ana pointi 9, ila wale wanne waliobaki hawakumuandika kabisa. Hassan kawekwa namba moja na wawili tu, hizo ni 6, lakini wanne wakamuweka namba mbili, hizo ni 8, jumla 14. Hassan kashinda, japo waliompenda zaidi ni wachache kuliko wa Juma. Ndo maana unakuta jina ambalo hukulitegemea limeshinda, ni mtu ambaye karibu kila aliyekaa pale alimheshimu. Hidetoshi Nishijima wa Drive My Car, Mjapani, alipewa na National Society kwa muvi za 2021, muigizaji mtulivu mpaka unaweza kudhani hafanyi kitu. Filamu yenyewe iliteuliwa hadi filamu bora ya mwaka kwenye Oscar na ikabeba ile ya filamu ya kimataifa, yeye hakuteuliwa.

Halafu kuna miaka ambayo wote wanakubaliana, na hiyo uiwekee alama ya nyota. Kwetu huku mfano wa karibu ni Forest Whitaker, The Last King of Scotland ya 2006, alipomuigiza Idi Amin. New York, National Society, Critics Choice, SAG, Oscar, vyote. Los Angeles nao walimpa ila waligawa tuzo, nusu ikaenda kwa Sacha Baron Cohen wa Borat, ndio, Borat, na ukifikiria vizuri wote wawili walibeba muvi nzima kwa kumvaa mtu mwingine toka asubuhi mpaka jioni. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya ile kazi na filamu ilipigwa Uganda kwenyewe. Hapa Msomaji wa Kiswahili una kitu ambacho mchambuzi wa New York hana. Mi niliiangalia na baba mdogo ambaye vita vya Kagera vilimkuta kijana, na Amin alikuwa akimsikia redioni, mi nilikuwa naangalia muvi na huku namwangalia yeye. Kuna mahali Amin anacheka na kundi la watu halafu cheko linakatika ghafla, baba mdogo akasema taratibu, ndivyo walivyokuwa wanamsimulia. Sikumuuliza zaidi. Ila tangu siku hiyo nikiona tuzo ya mtu aliyemuigiza mtu wa kweli natafuta kwanza mzee anayemkumbuka huyo mtu.

Kwenye kuangalia kwenyewe nina mambo machache ya kusema na ya kwanza naomba mnielewe. Muvi za DJ, zile zilizotafsiriwa, nazipenda na nimekulia humo, lakini ukitaka kupima uigizaji usiangalie hiyo. Sauti ya muigizaji ni nusu ya kazi yake, DJ akishaongea juu yake umebaki na uso tu. Tafuta sauti halisi yenye maandishi chini hata kama kizungu au kijapani hukifahamu vizuri.

Pili mwangalie steringi wakati haongei. Akiwa anaongea mwandishi wa stori anamsaidia, akiwa anasikiliza yuko peke yake. Angalia macho yanafanya nini mwenzake anapotoa habari mbaya, angalia mikono. Ukiwa na muda chukua sini moja ya dakika tano uiangalie tena umezima sauti, kama bado unaelewa kinachoendelea moyoni mwake basi wachambuzi hawakukosea.

Tatu usidanganywe na kulia, kupiga kelele, kunenepa, kupunguza kilo thelathini. Hizo zinaonekana haraka na wapiga kura wengi zinawavuta, na wakati mwingine ni kazi nzuri kweli, ila jiulize ukiondoa vipodozi na kilo kinabaki nini. Linganisha na Denzel Washington kwenye Malcolm X, New York walimpa 1992, pale kuna nywele na miwani na suti lakini kinachokushika ni namna mtu anavyobadilika hatua kwa hatua, kijana wa mtaani, mfungwa, mhubiri, hujaji wa Makka, na kila hatua anatembea tofauti. Oscar mwaka ule ilienda kwa Pacino wa Scent of a Woman. Denzel alisubiri mpaka Training Day ya 2001 kuipata ya steringi, na Los Angeles nao walimpa kwa hiyo.

Kuhusu bando, muvi hizi nyingi sio za kukimbilia siku ya kwanza, zinashuka bei au zinaingia kwenye app za kulipia miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo Desemba na Januari kazi yako ni kuandika tu majina na pointi, usinunue kitu. Anza kuangalia Februari. Mi naenda moja kwa wiki, Jumapili usiku, na baada ya kila moja naandika sentensi mbili tatu kabla sijasoma mtu mwingine kasema nini, hiyo ni muhimu sana, ukisoma kwanza utaona kwa macho yake.

Usiku wa Oscar kwetu huwa ni alfajiri ya Jumatatu, ile ya Machi 2025 ilianza saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo pigeni kura yenu ya nyumbani Jumapili jioni, muifunge kwenye bahasha, na mtakaoamka muamke.

Kwa anayeanza leo bila kusubiri Desemba, mpangilio wangu kwa wale sita ni huu. Anza na All Is Lost ya Redford, mtu mmoja kwenye boti iliyotobolewa baharini, hamna maongezi kabisa karibu muvi nzima, kwa hiyo lugha haikusumbui na utajifunza kuangalia mikono, na kama umekulia pwani utajua mapema kuliko wengine lini hali imekuwa mbaya. Fuata First Reformed. Kisha Da 5 Bloods. Mr. Turner ya Spall ni ndefu na ya taratibu, jamaa anaongea kwa kuguna tu, iweke wiki ambayo hujachoka. Spotlight iangalie na mtu mwingine ili mbishane steringi ni nani. Passages ya Rogowski iache mwisho na uiangalie watoto wakishalala.